Qur'ani Hupokewa Kinywani



Wazazi wengi siku hizi wanawaondoa watoto wao madrasa na kuwaandikisha katika darasa za Qur'ani za mtandaoni, mwalimu akiwa Misri au Pakistan na mtoto akiwa sebuleni na simu ya mama yake. Sababu zao si za kudharauliwa. Barabara zina bodaboda, shule zinawatoa watoto jioni, na ustadhi wa mtaani ana wanafunzi tele na yuko peke yake. Kwa familia inayoishi mahali pasipo na mwalimu kabisa, darasa hizo ni rehema, na safu hii haina nia ya kuharamisha kisicho haramu. Tunauliza tu ni nini kinachopotea njiani.

Kwanza hupotea herufi. Simu ya kawaida hupitisha sauti ya kati ya hezi 300 na 3,400 takriban, ilhali sehemu kubwa ya mlio unaotenganisha sin na tha iko juu ya hapo. Ndiyo maana tukitaja jina geni katika simu hulazimika kulitaja herufi kwa herufi. Programu za intaneti hupitisha zaidi, lakini mtandao ukilegea nazo huibana sauti. Ulimi wa Mswahili unazo tha na dha. Qaf na dhwad hauna, lazima ufundishwe. Mtoto akiitamka qaf kuwa kaf, qalb, yaani moyo, hugeuka kalb, yaani mbwa. Na dhwad hutoka ubavuni mwa ulimi unapogusa magego ya juu: mwalimu aliyeketi mbele ya mtoto hulitazama taya, humwambia afungue kinywa, humrudisha mara kumi. Kamera ya simu, kila mwenye nyumba anajua, huonesha paji la uso na feni ya dari.

Wazee wetu waliijua hatari hii kabla ya simu kuwapo. Sayyidna Uthman, radhi za Allah ziwe juu yake, alipopeleka misahafu katika miji, imepokewa kwamba hakutosheka na maandishi. Aliwatuma wasomaji pamoja nayo. Kufa alikuwako Abu Abdirrahman as-Sulami, aliyedumu akisomesha msikitini kwa takriban miaka 40. Asim alisoma kwake, na Hafs akasoma kwa Asim. Kisomo chao ndicho kilichoenea sasa katika madrasa zetu. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akidurusiana Qur'ani na Jibril kila Ramadhani, na katika mwaka wa kufariki kwake wakadurusiana mara mbili. Ikiwa yeye alisikilizwa, mtoto wa miaka saba atasikilizwa na nani pindi bando linapokatika katikati ya aya?

Jambo la pili halihusu mitambo. Madrasa mkubwa humsikiliza mdogo juzuu yake, mtoto huzoea kutawadha kabla ya kuushika msahafu, na akikosa siku mbili ustadhi huuliza nyumbani kwao kuna nini. Darasa la simu mtoto husoma akiwa amejilaza, na akikosa, hakuna jirani anayejua.

Tuseme ukweli pia kuhusu ada. Mzazi anayemlipa mwalimu wa mbali kila mwezi bila kuchelewa ndiye huyo huyo anayemwambia ustadhi wa mtaani asubiri. Baadaye tunashangaa kwa nini mabenchi ya madrasa yanabaki matupu na ustadhi ameanza kuuza vocha.

Kamati ya msikiti wetu imepanga hivi: mtoto anayesoma kwa simu na aendelee kudurusu huko siku za kazi. Jumamosi, kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, aletwe msikitini na juzuu yake asikilizwe ana kwa ana. Ustadhi atawasikiliza wavulana, na wasichana watasikilizwa na ukhti upande wa akina mama. Watoto wa mitaa ya jirani wanakaribishwa, na ada haitatozwa kwa anayekuja kusikilizwa tu.