Chumvi ya sinia moja

Kuna tusi kwetu pwani lisilo na neno chafu ndani yake. Mume akaa jamvini, atia tonge kinywani, anyamaza kidogo, kisha auliza: "Leo chumvi hapana?" Mpishi huinuka kwa haya akaleta kichupa, na kesho yake mkono wake huwa mzito zaidi. Tusi hilo mimi nimelitoa mara nyingi.

Mwaka jana mamake watoto alipimwa kliniki akaambiwa ana presha. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze chumvi. Mimi sikujua. Miezi mitatu alimeza dawa zake huku akipika kama nitakavyo mimi, na akila sinia lile lile nilalo mimi. Nilipogundua nilimwuliza mbona hakuniambia. Akanijibu: "Ningekuambia, baba watoto, ungekula?" Jibu sikuwa nalo.

Hapo ndipo nilipoiona kasoro ya nasaha zetu za afya. Mgonjwa huambiwa apunguze chumvi kana kwamba kila mtu ana chungu chake na sahani yake. Sisi twala sinia moja, na chumvi ya mmoja ni chumvi ya wote: mgonjwa, mzima, na mtoto ambaye ulimi wake ndio kwanza wazoea. Rai yangu ni kuwa kliniki imwite na mume, asikie kwa masikio yake.

Na asikie nini? Kwamba chumvi huzuia maji mwilini. Damu huongezeka wingi, mishipa hukazwa, na moyo husukuma mzigo mkubwa usiku na mchana, hata nyama yake ikawa nene na ngumu. Mwenyewe haumwi na kitu, mpaka siku ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya kachiri za njiani na ya viungo vya paketi. Mpenda ng'onda huenda akaimaliza hesabu yake kwa mlo mmoja!

Wako wasemao kuwa presha ni ya ukoo tu. Ukoo una sehemu yake, sikatai. Lakini mwaka 1990 ulichapishwa utafiti juu ya Wajaluo waliotoka vijijini karibu na ziwa wakahamia Nairobi. Ukoo wao haukubadilika, ila katika muda wa miezi michache tu damu yao ilikuwa na shinikizo kubwa kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi.

Sisemi chumvi iachwe. Mwili waihitaji, na ile ya dukani hutiwa ayodini inayozuia rovu. Wala siwalaumu wazee wetu: papa na ng'onda walivitia chumvi kwa kuwa barafu hawakuwa nayo, na jua la Gongoni na Ngomeni hugeuza maji ya bahari kuwa chumvi hata leo. Lakini barafu sasa ipo, na ng'onda akirowekwa na maji yakamwagwa mara mbili tatu, huliwa bila ya kudhuru sana. Tuna ndimu, ukwaju, tangawizi, pilipili na tui. Watu wenye utajiri huo wakilia kwa ajili ya chumvi, hiyo ni israfu, na israfu tulikanywa tangu chuoni.

Majuma mawili ya kwanza chakula nilikiona kama majani. La sita sikuona tofauti, na pilau ya arusini ndiyo iliyonichoma ulimi.

Ijumaa iliyopita nilikuwa na wageni. Mmoja alionja, akatazama huku na huku, akauliza chumvi. Mamake watoto alikuwa ameshaanza kuinuka. Nikamwambia akae, nikamsogezea mgeni ndimu.