Heshima ya Mwalimu si Jina Tu

Mwalimu ni jina tukufu katika lugha yetu. Marehemu Julius Nyerere aliongoza taifa zima, na bado watu walimwita kwa kazi yake ya kwanza. Lakini jina halilipi kodi ya nyumba, wala halipunguzi wanafunzi darasani.

Tutazame hapa Westlands. Alfajiri, matatu za barabara ya Waiyaki huingia zikiwa zimejaa abiria kutoka Kikuyu, Kinoo na Uthiru. Miongoni mwao wamo walimu, kwani nyumba zilizo karibu na shule zao hawazimudu. Ni kweli marupurupu ya nyumba kwa walimu wa Nairobi hupita ya miji mingine, lakini kodi za hapa nazo zapita zote. Mwalimu wa namna hiyo huanza kazi akiwa tayari amechoka.

Akifika, hukuta darasa limefurika. Elimu ya msingi ilipotolewa bure Januari 2003, wanafunzi nchini waliongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi zaidi ya milioni 7. Hiyo ilikuwa neema kwa watoto wa mitaa kama Kangemi. Lakini walimu hawakuongezwa kwa kiasi hicho, na mzigo ukamwelemea aliyekuwapo.

Hata hivyo, twaamini kwamba linalomvunja mwalimu moyo zaidi ni ahadi isiyotimizwa. Mwaka 1997, baada ya mgomo, serikali ilikubaliana na chama cha walimu, KNUT, kuongeza mishahara kwa asilimia 150 hadi 200 katika miaka mitano. Mwaka uliofuata walimu waligoma tena, kwa kuwa makubaliano hayo hayakuheshimiwa. Mwezi Mei 2024, walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi, waliokuwa wakipokea kama shilingi 17,000 kwa mwezi, nao waliandamana wakidai ajira ya kudumu.

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Serikali na ilipe deni hilo kwa wakati, bila kungoja migomo, kisha ifikirie nyumba za walimu katika miji mikubwa. Walimu wakuu nao wawashauri wenzao badala ya kuwaamrisha tu. Nasi wazazi tusimkumbuke mwalimu siku ya matokeo peke yake. Mwalimu aliyekata tamaa hafundishi mtoto matumaini.