Usimfunike mtoto uso, mpeleke hospitali

DESTURI yetu ni njema. Mtoto anapozaliwa kwenye ploti, majirani hubisha hodi wakiwa na maziwa, sukari na unga wa uji, na kila mmoja hutaka kumpakata mgeni. Lakini ziko nyumba ambazo wageni huambiwa mtoto amelala. Leo amelala, kesho amelala, mwezi mzima amelala. Akitolewa nje hufunikwa leso hadi machoni. Si kwamba ana homa. Amezaliwa mdomo wa juu ukiwa umepasuka, na wazazi wanaona haya.

Wengi huiita hali hii mdomo wa sungura. Jina hilo limezoeleka, lakini mama aliyejifungua jana hapendi kusikia mwanawe akilinganishwa na mnyama. Afadhali tuseme mdomo uliopasuka. Wakati mwingine ufa huishia mdomoni. Wakati mwingine hupita kwenye ufizi na kuendelea hadi kwenye kaakaa, yaani sehemu ya juu ndani ya kinywa, hivi kwamba kinywa na pua huwa na njia moja. Wako pia watoto ambao mdomo ni mzima na kaakaa pekee ndilo lililopasuka. Hao ni rahisi kupitwa, na ndiyo sababu kila mtoto anafaa kuchunguzwa kinywani kwa tochi kabla hajatoka hospitalini.

Inakadiriwa kwamba kote duniani mtoto 1 kati ya 700 hivi huzaliwa na kasoro hii. Kwa hivyo, mzazi, hauko peke yako.

Lakini ni nani wa kulaumiwa? Katika familia nyingi kidole huelekezwa kwa mama. Mavyaa atasema ukoo wao haujapata kuona jambo kama hilo. Jirani atanong'ona kwamba mama alimcheka mlemavu akiwa mjamzito, au kuna laana ambayo haijatakaswa. Wako wanaume ambao wamefunga virago kwa maneno kama hayo.

Ukweli ni kwamba uso wa mtoto hujiunda mapema mno. Sehemu za mdomo huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, na kaakaa hufuata kati ya wiki ya 6 na ya 9. Wakati huo wanawake wengi hata hawajajua kwamba wana mimba. Zisipokutana, ufa hubaki. Mara nyingi daktari hawezi kutaja chanzo kimoja. Urithi huchangia, na urithi hutoka kwa baba sawa na kwa mama. Uvutaji wa sigara, ugonjwa wa kisukari na baadhi ya dawa za kifafa pia huongeza hatari. (Mwenye kifafa asiache dawa kwa hofu; amwone daktari kabla ya kushika mimba.) Wazazi wasio na kasoro hii waliopata mtoto mmoja aliye nayo wana uwezekano mdogo wa kupata mwingine, kama watoto 2 hadi 5 katika kila 100.

Njaa ndiyo adui

Jambo la dharura si sura ya mtoto. Ni tumbo lake. Mtoto ambaye mdomo pekee umepasuka mara nyingi anaweza kunyonya, kwa maana titi lenyewe huziba ule ufa. Lakini kaakaa likiwa wazi, mtoto hawezi kuvuta maziwa. Hapa ndipo mama wengi hudanganyika. Wanamwona mtoto yuko titini nusu saa nzima, kisha analala, na wanadhani ameshiba. Kumbe amelala kwa kuchoka. Uzani unapungua, na wiki chache baadaye anarudishwa hospitalini akiwa mifupa mitupu.

Dawa ya tatizo hili iko jikoni. Mama ayakamue maziwa yake katika chombo safi na kumlisha mtoto kwa kikombe kidogo na kijiko vilivyochemshwa. Amkalishe wima, wala asimlaze, ili maziwa yasipande puani. Amnyweshe polepole, asimame mara kwa mara na kumpigapiga mgongoni, kwa sababu mtoto huyu humeza hewa nyingi. Maziwa yakitokea puani asishtuke. Amwinamishe kidogo, ampanguse na kuendelea. Na apelekwe kliniki kupimwa uzani kila wiki. Kufikia wiki ya 2 anapaswa kuwa amerudia uzani aliozaliwa nao. Kama hajaurudia, msingoje.

Kwa nini tusisitize uzani? Kwa sababu mtoto dhaifu hawezi kupasuliwa. Madaktari wengi hutaka awe na umri wa miezi 3 hivi, uzani wa karibu kilo 5 na damu ya kutosha ndipo waushone mdomo. Kaakaa hushonwa baadaye, mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, kabla mtoto hajazoea kutamka maneno vibaya.

Gharama huwatisha wengi, lakini upasuaji huu unaweza kupatikana bila malipo. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa Marekani mwaka wa 1999, hulipia upasuaji katika hospitali linazoshirikiana nazo humu nchini, na madaktari wanaoufanya ni wetu wenyewe. Uliza katika hospitali kuu ya kaunti yako ni wapi penye huduma hiyo. Utaalamu wa aina hii si mgeni hapa: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walioanzisha AMREF mwaka wa 1957, wote watatu walikuwa madaktari wa kurekebisha maumbile. Aliyekua bila kutibiwa naye asikate tamaa, kwani hata mtu mzima hushonwa mdomo.

Hata hivyo, kushonwa si mwisho wa safari. Mtoto aliyekuwa na ufa wa kaakaa hupata maji nyuma ya ngoma ya sikio kwa urahisi, na asiposikia vyema atachelewa kusema. Apimwe masikio. Wengine husema king'ong'o kwa sababu hewa hupenyeza puani, nao huhitaji mtaalamu wa matamshi. Meno nayo huweza kuota vibaya penye ufa.

Kisha inakuja shule. Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, hapa zamu ni yenu. Mwenzenu mwenye kovu mdomoni hakosi akili. Mnapomwiga anavyosema, ananyamaza. Akinyamaza, hainui mkono darasani. Na mwalimu anadhani hajui kitu. Mpeni nafasi amalize sentensi yake.

Nasi majirani tuna kazi. Hujafa hujaumbika, wahenga walisema. Ukisikia mtoto wa mlango wa pili "amelala" kwa wiki tatu, usiende kuchungulia upate la kusimulia kwenye foleni ya maji. Nenda na kikombe na kijiko, umuulize mama kama mtoto anaongeza uzani, na ujitolee kumsindikiza kliniki Jumatatu.