Meza ya Jikoni: Muulize Anayepika

Ndugu msomaji, je, unataka kujenga upya meza ya jikoni kwako? Usipange na fundi peke yako. Mwite mama anayepika.

Mwaka mmoja nilimsaidia jirani kujenga meza ya matofali na saruji. Tulipima kwa kimo chetu sisi wanaume. Meza ilipendeza kwa macho. Lakini mama alikata mboga mabega yakiwa juu. Baada ya wiki 2 alirudi chini kwenye kigoda. Saruji yetu ilipotea bure.

Tulibomoa, tukaanza tena. Safari hii mama alisimama wima, akakunja mkono. Tuliweka alama ukutani, upana wa kiganja kimoja chini ya kiwiko. Hapo ndipo meza iliishia. Tulimwuliza pia: ndoo ya maji itakaa wapi? Vyombo utaanika wapi?

Kwa kusakafia juu, tulichanganya ndoo 1 ya saruji na ndoo 3 za mchanga safi. Tuliacha mteremko kidogo ili maji yasituame. Kisha tulimwagilia kila siku kwa siku 7.

Ndugu fundi, uliza, pima, ndipo ujenge. Asiyeuliza hujenga mara mbili.