Tusiwazibe Vijana Midomo kwa Kaseti Zetu

Sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya tisini tumekata hukumu moja bila kusikiliza shauri. Tunasema nyimbo za injili zilikwisha pamoja na kaseti. Za sasa, eti, ni kelele tu: spika kubwa, kurukaruka, na maneno matatu yanayorudiwa mpaka msikilizaji achoke. Hukumu hii hutolewa kwenye vikao vya wazee wa kanisa na nje ya kanisa baada ya ibada. Hutolewa kwa sauti kubwa zaidi kila mara kwaya ya ujana wetu inapokuja tena kuimba. Nasema hukumu hii si ya haki, na wanaoilipia ni watoto wetu.

Sisemi kwamba machozi yetu ni ya uongo. Nilikwenda kuisikiliza kwaya niliyoipenda nikiwa sekondari, ilipoalikwa tena hapa Mpanda. Uwanja ulijaa watu wa umri wangu. Mpiga solo sasa ni mzee wa mvi, anapiga akiwa amekaa kwenye kiti. Lakini alipogusa nyuzi za utangulizi tu, watu wote walisimama na akina mama wakapiga vigelegele. Mama aliyekuwa karibu nami alilia wimbo mzima. Mimi niliimba besi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho bila kukosa neno. Hiyo ni zawadi ya Mungu, na mtu asituonee haya kwa kuipokea.

Shida ilianza wimbo ulipokwisha. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akasema, "Hii ndiyo injili! Vijana, mnasikia?" Watu wakapiga makofi. Vijana wa kwaya ya mahali pale walikuwa wamekaa nyuma, wamevaa sare zao, wakisubiri nafasi ya wimbo mmoja waliotunga wenyewe. Zamu yao ilipofika, wakaambiwa muda umekwisha.

Ndugu zangu, hebu tukumbuke kaseti zile zilitoka wapi. Nyingi tulizozipenda huku kwetu zilitoka Ulyankulu, mkoani Tabora. Nani wa umri wetu asiyejua majina ya kwaya za Barabara ya 13 na Mapigano? Tulizisikiliza kwenye redio kaseti, na betri zikiisha tulizianika juani ili tupate wimbo mmoja zaidi. Tusisahau makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa kwa ajili ya nani. Yalifunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, kama vile Katumba na Mishamo hapa kwetu Katavi. Waliishi kama wakimbizi kwa miaka zaidi ya thelathini kabla zaidi ya 160,000 kati yao hawajakubaliwa kuwa raia, na vyeti vya uraia vilianza kugawiwa mwaka 2014 tu. Mtu aliyeikimbia nyumba yake usiku akiimba juu ya makao ya mbinguni, haimbi fundisho alilolikariri darasani. Anaimba haja yake. Ndiyo maana sauti zile zilitushika, na ndiyo maana zinatushika hata leo.

Tena nyimbo zile zilikuwa mpya. Tumesahau hilo upesi mno! Wakati ule palikuwa na wazee wa kanisa waliosema gitaa la umeme ni la baa na kumbi za dansi. Palikuwa na wazazi waliotuambia tuache "dansi la kikristo" turudi kwenye Tenzi za Rohoni. Maneno tuliyoambiwa sisi ndiyo tunayowaambia watoto wetu leo, ila tumebadilisha jina la chombo.

Sisi Walutheri hasa hatuna pa kujificha katika jambo hili. Mwaka 1523 watawa wawili walichomwa moto huko Brussels kwa kuishika imani ya Matengenezo. Luther alitunga wimbo juu yao, nao unahesabiwa kuwa wimbo wake wa kwanza. Hakungoja jambo lipoe wala lahani izeeke. Aliimba habari ya mwaka ule ule kwa lugha ya watu wa sokoni. Karibu na sisi, mwaka 1966, mwanafunzi wa theolojia pale Makumira, Bernard Kyamanywa, aliandika wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya". Leo unaimbwa na Walutheri wa Ujerumani na Marekani, na sisi tunauhesabu miongoni mwa nyimbo za zamani tunazozilinda. Lakini ulitoka kwa mwanafunzi. Je, kama angeambiwa muda umekwisha?

Maandiko nayo yanajua machozi ya namna yetu. Katika Ezra 3 msingi wa hekalu jipya unawekwa, na wazee waliolikumbuka la kwanza wanalia kwa sauti kuu huku wengine wakishangilia. Biblia haiwakemei wazee wale kwa kulia. Lakini someni Hagai 2, ambapo nabii anawageukia wale wale waliouona utukufu wa kwanza. Hawaambii waketi wausimulie. Anawaambia wajipe moyo, wafanye kazi, kwa kuwa Bwana yupo pamoja nao sasa.

Atainuka mtu aseme, "Mchungaji, nyimbo nyingi za siku hizi hazina mafundisho." Ni kweli, baadhi hazina. Ziko zinazomsahau Kristo na kutaja adui zangu na baraka zangu tu. Wako pia wanaofungulia sidii na kuchezesha midomo madhabahuni, jambo ambalo silitetei. Lakini kipimo ni neno linaloimbwa, si umri wa wimbo. Tukipima hivyo, tupime na kaseti zetu pia. Baadhi ya nyimbo tulizoimba zilitutisha kwa moto wa jehanamu bila kutaja neema hata mara moja. Kama vijana wanakosa mafundisho, basi mwalimu wao amekwenda wapi? Ni lini mara ya mwisho mzee wa kanisa aliketi na mtunzi kijana akasoma naye Warumi?

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba Katavi iliongoza mikoa yote kwa mimba za utotoni. Katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Huo ndio umri wa kwaya zetu za vijana. Wakimbizi waliimba juu ya safari yao. Ni nani ataimba juu ya safari ya binti huyu, kama si yeye na wenzake? Sisi, mimba ikionekana, tunamvua sare na kumtenga, na aliyempa mimba anaendelea kupiga kinanda. Serikali ilifungua mlango wa shule kwa wasichana waliojifungua tangu Novemba 2021. Mlango wa kwaya uko wapi? Binti aliyerudi kwa toba na mtoto mgongoni ana wimbo ambao mimi na wewe hatuwezi kuutunga, na kanisa linauhitaji.

Kwa hiyo nawasihi. Kwaya za ujana wetu zije, tuwape heshima na posho wanayostahili, nasi tulie tukipenda. Lakini usharika unaochangisha mafuta ya basi kwa ajili ya kwaya ya zamani, uchangishe pia nyuzi za gitaa na mwalimu wa muziki kwa ajili ya kwaya yake. Wimbo uliotungwa na vijana wa usharika uimbwe katika ibada kuu, mahali wazee watakapousikia, na kama una kosa la mafundisho urekebishwe kwa upendo.

Baraza la wazee litakapofika kwenye ajenda ya kwaya, mtu mmoja na asimame aulize: vijana wetu wametunga nini mwaka huu, na nani kati yetu amewasikiliza mpaka mwisho?