Meza Isiyo na Nyama

Katika nyumba zetu nyingi heshima ya mgeni hupimwa kwa nyama. Akiandaliwa sombe na maharagwe tu, mwenyeji huomba radhi, na mgeni akirudi kwake husimulia. Ndiyo sababu wazazi wengine hukopa fedha za mbuzi wa sikukuu, na mwezi unaofuata mtoto hurudishwa kutoka shuleni kwa kukosa malipo. Juu ya jambo hilo tunataka kusema leo, nasi tutaanzia mbali, katika mkahawa wa watu wa Burma.

Burma, ambayo tangu mwaka 1989 inaitwa Myanmar, iko Asia, kati ya Uhindi na Thailand. Si nchi ngeni kabisa kwa Wakongo: katika vita kuu ya pili, hospitali moja ya askari wa Force Publique ilipelekwa huko kuwauguza majeruhi. Baadaye vita vingine vimetukutanisha nao. Wakimbizi wengi wa Kongo na wa Burma wamepokewa Marekani, na katika miji kama Buffalo, jimbo la New York, wamekuwa majirani. Huko ndiko jamaa zetu waliotoka Uvira walikotualika, mwezi mmoja wa Agosti, twende kula kwa jirani yao. Mama huyo hapiki nyama wala samaki, wala hatii ule uji mzito wa uduvi au samaki waliochachushwa ambao kwao hutiwa karibu katika kila mchuzi.

Vyakula vyote viliwekwa mezani kwa mara moja, wali katikati. Kulikuwa na majani ya chai, si ya kunywa bali ya kula: majani machanga yaliyopikwa kwa mvuke na kuachwa yachachuke kwa miezi, kisha yakachanganywa na karanga, ufuta, kitunguu saumu, nyanya na ndimu. Kulikuwa na tofu ya Washan, ambayo ni unga wa dengu uliokorogwa motoni pamoja na manjano, karibu kama tunavyosonga bugali, ukaachwa ugande, ukakatwa vipande.

Bibi mmoja wa jamaa ile, aliyekuwa amefika Marekani mwaka uleule, akatunong'oneza: «Mwalimu, nyama iko wapi? Au wametuona sisi maskini?» Tukamjibu: «Mama, onjeni kwanza.» Akavuta bakuli la mchuzi wa majani, akaonja, akaonja tena, kisha akacheka kwa sauti: «Kumbe ni ngai-ngai!» Ndivyo ilivyokuwa. Majani yaleyale machachu tunayopika kwetu, wao huyaita chin baung. Tangu hapo hakuuliza nyama tena.

Mwenye mkahawa aliketi pamoja nasi. Lakini kabla ya kula aliwapakulia wazee kwanza, kisha akatenga tonge moja la wali pembeni. Lilikuwa la mama yake, aliyebaki katika kambi ya wakimbizi nchini Thailand. Kwao ndiyo desturi: tonge la kwanza ni la mzazi, hata asipokuwapo.

Akatueleza vilevile kwamba chakula cha namna hiyo kwao huitwa kwa jina lenye maana ya «kisicho na kuua». Wabudha wa Burma si wote waachao nyama. Wengi hula nyama na samaki. Lakini kuanzia mwezi mpevu wa Julai, kwa kawaida hadi ule wa Oktoba, wakati wa mvua ambao watawa wao hutulia mahali pamoja, wengi hujinyima nyama, wengine siku chache, wengine miezi yote mitatu.

Hapa tuseme wazi, wanafunzi wasije wakachanganya mambo. Kanisa halifundishi kwamba kula nyama ni dhambi. Mungu alimpa Noe na wanawe wanyama wawe chakula, na Bwana wetu mwenyewe aliwalisha watu samaki. Sisi hujinyima nyama kwa ajili ya toba, tukikumbuka mateso ya Mwokozi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 humtaka kila aliyetimiza miaka 14 kujinyima nyama siku ya Ijumaa, isipokuwa siku hiyo ni sherehe kuu, au kushika toba nyingine maaskofu wa nchi wanayoiagiza. Basi sababu zetu na zao si moja. Lakini ikiwa mtu wa dini nyingine aweza kujinyima miezi mitatu bila kunung'unika, Mkristu anayelalamika kwa Ijumaa moja hana budi kuona haya. Na yule anayeacha nyama ili anunue samaki wa bei kubwa zaidi, ajiulize anafunga kwa ajili ya nani. Nabii Isaya alikwisha kutuambia kwamba mfungo umpendezao Mungu humshibisha mwenye njaa.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mtu akialikwa na asiyeamini, ale anachowekewa bila kuulizauliza. Fundisho hilo lafaa pia katika vijiji vyetu. Mgeni asihesabu vipande vya nyama katika sahani. Na mama aliyetwanga sombe yake vema, akaitia mawese mazuri, asiombe radhi mbele ya mtu yeyote.

Wazazi, Komunyo ya kwanza ya watoto wenu ikikaribia, tengeni kwanza malipo ya shule, kisha tazameni kilichobaki. Kikitosha mbuzi, mshukuruni Mungu na mmchinje. Kisipotosha, pikeni mboga na mwalike watu vilevile. Mbuzi atangoja, mwaka wa shule haungoji.