Eliya Hakukemewa

Mshirika akianguka ibadani, wapo wanaokimbilia kukemea pepo. Tunakataa. Hapa Karagwe na Kyerwa wapo ambao mishipa yao ya fahamu haiwezi kurekebisha mapigo ya moyo na msukumo wa damu: wakisimama, moyo huenda mbio, macho huingia giza. Ugonjwa huu hudumu miaka. Kuwaita wenye imani haba ni kuwaongezea sonona juu ya maradhi.

Eliya aliomba kufa chini ya mretemu (1 Wafalme 19). Mungu hakumkemea, malaika alimletea mkate na maji, akalala tena.

Basi waketi nyimbo zikiimbwa, wasilazimishwe kufunga, na tuwasindikize hospitalini, Nyakahanga au Isingiro. Maombi yaendelee, na matibabu yaendelee.